Binti Aliyeshindwa Kufanana na Picha Yake

Kuna nchi moja ambayo jina lake nimelisahau makusudi. Mkinibana nitasema tu kwamba haiko mbali, ina bendera, ina wimbo, na ina watu hodari wa kupiga makofi. Haya ninayoyaleta nimeyapata kwa mtu aliyeyaona kwa macho yake mawili, na pale ambapo hakuona vizuri nimemsaidia mimi.

Nchi ile ina desturi moja, na asiyeijua hataelewa kitu: jambo likishakatiwa utepe, limekuwa sahihi. Daraja likikatiwa utepe ni zima, hata kama mto umehamia wilaya jirani. Kisima kikikatiwa utepe kina maji, na mama atakayerudi na ndoo tupu ataulizwa ametumwa na nani. Ni desturi nzuri sana. Imewaokoa mafundi wengi.

Basi ikaanzishwa Wizara ya Mwonekano wa Taifa, chini ya Mheshimiwa Tadubiri Kipaza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa njema kabisa, sitaki kumsingizia mtu. Wasichana wa shule walikuwa wakisinzia darasani kwa njaa, na Wizara ikaamua kubandika picha kubwa barabarani ya binti mwenye afya, ili wenzake wamwone na wale vizuri. Kulisha shule kungekuwa rahisi zaidi, lakini chakula hakibandikiki.

Binti akatafutwa, akapatikana. Jina lake Zamoyoni, mwanafunzi wa kidato cha nne katika Shule ya Wasichana Mwendapole, miaka kumi na saba. Mashavu yamejaa, mabega ya mtu anayejitekea maji mwenyewe, na hesabu anazipiga kichwani wakati wenzake wanatafuta kalamu. Mama yake, Bi Siwema, aliuza mihogo ya kuchemsha na kachumbari getini mwa shule hiyo hiyo. Zamoyoni akapigwa picha kashika chungwa, anacheka meno yote nje. Chini wakaandika: MSICHANA ALIYESHIBA NI FAHARI YA TAIFA.

Nguzo mbili za kuibeba picha zilizinduliwa Jumatatu, kwa ngoma, hotuba tatu na utepe. Picha yenyewe ikaletwa Jumatano na fundi aliyeichapa, Kasimbazi, mtu mpole anayependa vipimo. Kasimbazi akapima, akapima tena, akavua kofia.

"Mheshimiwa, picha ina upana wa mita sita. Nguzo zimeachana mita nne."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuhamishe nguzo moja, kidogo tu."

"Nguzo nilizozizindua mimi?"

Kasimbazi akaigeukia picha. "Basi tuipunguze picha. Tukate pembeni."

"Ukate nini? Mkono wa mtoto wa watu? Au chungwa, chama cha wakulima kinisute?"

"Sasa tufanyeje, mheshimiwa?"

Mheshimiwa Kipaza akaitazama picha, akazitazama nguzo, akafumba jicho moja kama anayelenga ndege.

"Mbane."

Kasimbazi akarudi kwenye mashine yake, akambana Zamoyoni kutoka mita sita hadi nne. Urefu ukabaki ule ule. Akatoka binti mrefu, mwembamba kama mpini wa jembe, shingo ya twiga, uso kama kisu cha kupakia siagi, na mkononi kitu kilichofanana na yai la bata. Wakabandika. Wakakata utepe wa picha nao. Wizara ya Kilimo, kwa tahadhari, ikawaandikia wakulima kuwauliza kwa nini machungwa yao ni ya mviringo.

*

Hapo ndipo nchi ilipopendeza.

Watu walisimama chini ya picha ile shingo zikauma. "Huyu ndiye msichana," walisema. "Kumbe sisi tulikuwa tukizaa nini?" Mafundi cherehani wakagoma kuachia mshono wa sare hata kidole kimoja. Kwaya moja ikapanga upya safu zake, wembamba mbele, waimbaji nyuma. Na mashangazi! Mashangazi wa nchi ile hawahitaji wizara. Mpwa anaingia mlangoni hajavua viatu, shangazi ameshamaliza ukaguzi. "Heee! Umejaa hivyo, kwenu mna tanuri la mikate?" Kisha anampakulia wali sinia zima, na asipoula ananuna.

Kwenye simu kukazuka kitu kiitwacho Nibane. Unaweka picha yako, unagusa mara moja, unatoka ukiwa mpini wa jembe. Wasichana walijibana hadi wengine wakabaki mstari na nywele. Kuna dada mmoja wa mitandaoni, wafuasi laki nane, jina la kazi Bi Sindano, alijipatia riziki kwa kuuza chupa za maji ya moto yaliyopewa jina la kigeni. Kila asubuhi alijitokeza mbele ya sahani ya maandazi, akayageuza, akayasifu, akayapiga picha, akayaaga. Aliyala nani, shahidi wangu hakuona. Mimi nadhani aliyala.

Pale Mwendapole, saa nne ya mapumziko ilibadilika. Zamani wasichana walikimbilia getini kwa Bi Siwema mpaka wanaangushana. Sasa walikuja taratibu, wakainusa mihogo, wakaondoka.

"Mnanusa bure?" Bi Siwema aliwaambia. "Mvuke nao ni mhogo, wanangu. Angalieni msinenepe pua."

Tumpe ndiye aliyekaa dawati moja na Zamoyoni. Alikuwa kijibinti chenye maneno mengi, sasa amekuwa na macho makubwa na maneno machache. Siku moja walipita chini ya picha.

"Mwone," alisema Tumpe. "Huyo hata kiungulia hapati."

"Tumpe, yule ni mimi."

"Wewe?" Tumpe akacheka hadi akashika nguzo. "Shoga, wewe na yule mmefanana chungwa tu. Na lenyewe si sana."

Zamoyoni naye akacheka. Wakati ule bado alikuwa na nguvu za kucheka.

*

Mwaka ukafika mahali pa mitihani, na Mheshimiwa Kipaza akaona picha peke yake haitoshi. Picha inashauri; taifa linahitaji kitu kinachoamuru. Akawatuma wataalamu wapande ngazi, wampime yule binti wa ubaoni bega hadi bega, wagawanye kwa ukubwa wa ubao, wapate kipimo halisi. Wakapata sentimita ishirini na nne. Seremala akatengeneza fremu ya mbao ngumu, upana wa ndani sentimita ishirini na nne, iwekwe katika mlango wa ukumbi wa mtihani. Atakayepita, afanye mtihani. Asiyepita, akajitafakari.

"Fremu hii," alisema mheshimiwa redioni, "si kikwazo. Ni ukaribisho wenye masharti. Tunataka daktari wa kesho, mwanasheria wa kesho, injinia wa kesho, ambaye akiingia mahali hasukumi hewa ya wenzake!"

Mwandishi mmoja akauliza, mheshimiwa, na wavulana je?

"Wavulana watapita mlango wa kawaida. Mwonekano wao haujatengewa fungu."

Na yeye mheshimiwa mwenyewe, ambaye alikaa viti viwili?

"Huu si unene, ndugu mwandishi. Huu ni wadhifa."

Kwa kuwa wasichana wana akili, wiki ile ile ukatoka Waraka Namba Saba: ni marufuku kupita fremu kiubavu. Kupita kiubavu ni kuligeuzia taifa nusu kisogo. Shule ya kwanza kufungiwa fremu itakuwa Mwendapole, siku ya mtihani wa kwanza, mheshimiwa akiwepo kukata utepe. Ikifaulu hapo itasambazwa nchi nzima.

Zamoyoni alitaka kuwa mpima ardhi. Alikuwa amekwisha kukipima kiwanja cha shule kwa kamba, akagundua kwamba mwalimu mmoja amelima bustani yake ndani ya uwanja wa netiboli. Bila mtihani ule hapakuwa na chuo, hapakuwa na upimaji. Palikuwa na sufuria la mihogo tu, na Bi Siwema hakumsomesha miaka kumi na moja ili aje akamate mwiko ule ule.

"Twende Wizarani," alisema mama. "Yule wa ubaoni ni wewe. Mtu hawezi kuzuiwa na picha yake mwenyewe."

Nawapenda watu wenye imani.

*

Kamati ya Wizara ilikaa siku hiyo hiyo, wajumbe saba na birika la chai. Bi Siwema akaja na binti, na picha ndogo ya awali, ile isiyobanwa. Fundi Kasimbazi akaja kwa hiari yake. Dhamiri ilikuwa ikimwasha kama upupu.

"Binti," alisema mwenyekiti, "unadai kwamba wewe ni yule?"

"Ndiyo, shikamoo, mheshimiwa. Ni mimi."

"Marahaba. Mbona hufanani?"

"Nilibanwa."

"Nani alikubana?"

"Mimi," Kasimbazi akasimama. "Mita sita hadi nne. Niliagizwa. Wazee wangu, mabega ya yule mtoto si mabega ya mtu. Hakuna mwanadamu mzima mwenye mabega yale. Hata lile chungwa..."

"Tuache chungwa, liko kwa wenzetu." Mwenyekiti akainamia karatasi. "Swali moja, fundi, ujibu ndiyo au hapana. Picha ilikatiwa utepe?"

"Ilikatiwa, lakini..."

"Ilikatiwa. Basi picha haikubanwa." Akapiga meza. "Binti ndiye aliyetanuka."

Wajumbe wakaguna kwa kuridhika, kama watu waliojikuna mahali panapowasha.

Bi Siwema akainuka, kanga kaifunga kiunoni. "Baba yangu, mimi huyu nimemzaa. Nimemuogesha. Hajatanuka, amekua! Ulitaka abaki wa kubebwa mgongoni?"

"Mama, heshimu kikao."

"Nakiheshimu. Hicho kikao nacho kimemheshimu mwanangu?"

Hukumu ikaandikwa: Zamoyoni amepewa siku kumi na nne kufanana na picha yake. Akishindwa atahesabiwa kuwa anajiigiza yeye mwenyewe bila kibali. Wakampa na nakala ya picha, ya kubandika juu ya kitanda.

*

Sehemu hii nitaipita haraka. Haina mzaha mwingi.

Zamoyoni alianza kwa kuacha chai. Kisha akaacha cha mchana. Cha jioni alikihamisha: akikipeleka mdomoni mama akimtazama, akikipeleka kwa kuku mama akigeuka. Kuku wale walinenepa na hakuna waraka uliowagusa. Shuleni walimsifu. Hilo ndilo lililoniuma niliposimuliwa. Miaka yote alipopata mia kwa mia ya hesabu, walimpigia makofi mawili matatu. Sasa sketi ilipoanza kumzunguka kiunoni, darasa zima lilisimama.

"Zamo, unatisha! Umekula nini?"

"Sijala."

"Ndiyo maana! Tufundishe!"

Tumpe ndiye aliyekuwa mwanafunzi mwema kuliko wote. Walikuwa wakishikana mikono kwenda choo, maana peke yao ukuta ulikuwa ukiwakimbia.

Hesabu nazo zikaanza kumtoroka. Siku ya kumi, Mwalimu Eufrasia, mkuu wa shule, mwanamke mkavu asiyecheka kabla ya likizo, alimwita ubaoni atafute eneo la pembetatu. Zamoyoni akashika chaki, akaitazama pembetatu, pembetatu ikamtazama. Akaenda chini mzima mzima.

Walimbeba hadi zahanati. Hakuwa mzito, wawili walitosha, tena mmoja wao alikuwa Tumpe.

Muuguzi wa zahanati ile alikuwa mama mzee mwenye ulimi wa mchongoma. Alimtundikia dripu, akamsikiliza, akasikiliza na habari ya fremu. Halafu akachomoa utepe wa kupimia kutoka droo, akampima Zamoyoni bega hadi bega.

"Ulipoanza huu wazimu, ulikuwa na ngapi?"

"Thelathini na sita," Zamoyoni alinong'ona. Mpima ardhi huanza kujipima mwenyewe.

"Siku kumi hujala. Soma hapa."

Zamoyoni akasoma. Akasoma tena, akidhani ni kizunguzungu.

"Thelathini na sita."

"Enhe. Nyama imekwenda, damu imekwenda, akili ilikuwa njiani. Mifupa ipo pale pale. Mifupa haifungi saumu, mwanangu. Ungekufa leo tukakuzika, ukafukuliwa mwakani, bado fremu isingekupitisha."

Bi Siwema alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akasema, taratibu: "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anakufa, na hata kupita asingepita."

"Yeye na wenzake wote," alisema muuguzi, akarudisha utepe wake.

Zamoyoni akageuza shingo. "Mama. Kuna uji?"

*

Siku ya mtihani ikafika. Ukumbi wa Mwendapole ulipambwa kama wa harusi. Fremu ilikaa katika mlango wa mbele, imepakwa vanishi, utepe mwekundu umefungwa upande wa ndani ili atakayepita auguse kwa kifua na mheshimiwa aukate. Nyuma ya ukumbi palikuwa na mlango mwingine, mpana wa kupitisha gari, ambao Wizara iliuacha hivyo kwa ajili ya viti vya wageni. Waraka ulisema wazi kuwa hakuna msichana atakayeingia ukumbini kwa mlango huo.

Wasichana tisini walijipanga mstari, macho makubwa, midomo mikavu. Zamoyoni aliomba kuwa wa kwanza. Alikuwa amekula siku nne mfululizo, na alishika mkononi kipande cha gazeti chenye kitu cha moto ndani.

Akaikabili fremu, kifua mbele, kama waraka ulivyotaka. Mabega yakagonga mbao kushoto na kulia. Ko.

"Vuta pumzi!" mheshimiwa akamhimiza.

"Nimevuta."

"Vuta tena, ujikunje!"

"Mheshimiwa, hii ni mifupa."

"Mifupa ya nani?"

"Yangu."

"Na nani aliyeiidhinisha?"

Nyuma ya mstari mtu akacheka. Lilikuwa cheko dogo, lenye njaa, lakini lilikuwa la kwanza kusikika pale kwa muda wa muhula mzima.

Zamoyoni hakurudi nyuma. Akakaa pale pale kwenye kizingiti, mgongo kauegemeza mbao moja, magoti kayagandamiza kwenye nyingine, akafungua gazeti. Mhogo. Umepasuka katikati, mweupe, unafuka moshi. Akauma.

"Anafanya nini huyu?" mheshimiwa aliuliza. "Anakula? Mbele ya fremu?"

"Sijafungua kinywa, mheshimiwa," alisema Zamoyoni kinywa kikiwa kimejaa. "Namaanisha, cha asubuhi. Na hapa sitoki mpaka nifanye mtihani. Na ukitaka wapite wenzangu, watapita juu yangu. Tena pale juu ni papana zaidi."

Askari wawili wakasogea. Mbele yao akasimama Bi Siwema na mwiko. Hakuunyanyua. Aliushika tu, kama mtu aliyetoka jikoni haraka. Askari wakakumbuka mama zao.

Mwalimu Eufrasia akatazama saa yake. Nusu saa kabla ya saa mbili. Kanuni za mitihani ndizo zilizokuwa dini yake ya pili, na hazijawahi kukatiwa utepe na mtu yeyote.

"Mheshimiwa," alisema, "mtihani huanza saa mbili kamili. Hausubiri mtu, hata wewe. Waraka wako unakataza wasichana kuingia ukumbini."

"Naam! Bila kupita fremu, hakuna kuingia!"

"Haujakataza ukumbi kutoka." Akageuka. "Walimu! Fungueni mlango wa nyuma. Toeni madawati yote, myapange uwanjani, mita moja na nusu kila upande. Haraka!"

Walimu hawakuwahi kumwona akiwa hivyo, wakatii kabla ya kufikiri, na hiyo ndiyo njia bora ya kutii. Madawati yakatoka moja moja kwenye mlango wa viti vya wageni. Saa mbili kamili wasichana tisini walikuwa wameketi juani, kalamu mkononi, Zamoyoni na mhogo wake miongoni mwao.

Mheshimiwa Kipaza alibaki na mkasi. Kamera zilikuwa zikimtazama, naye hakuwa mtu wa kuiangusha kamera. Akakohoa. "Wananchi! Kama Wizara ilivyopanga tangu mwanzo, leo tunashuhudia mtihani wa kwanza wa hewa safi!" Wageni wakapiga makofi. Msaidizi akamnong'oneza kwamba saa tatu wanasubiriwa kuzindua benchi la posta, wakaondoka na vumbi lao. Fremu ikabaki imesimama mlangoni bila kukatiwa utepe, kwa hiyo kisheria hadi leo hakuna mwenye hakika kama ipo.

Mwalimu Eufrasia akagawa karatasi. Somo la siku hiyo lilikuwa Sayansi ya Afya. Swali la kwanza lilisema: *Taja makundi ya chakula, na ueleze kinachompata mtoto wa kike anayekua asipokipata.*

Wasichana wengi waliandika bila kuinua kichwa. Alama za swali lile zilikuwa kumi, na baadaye msahihishaji mmoja alilalamika kuwa watahiniwa wa Mwendapole walijaza kurasa nne nne, tena kwa mambo ambayo hayamo kitabuni.

Tumpe hakuandika. Dawati lake lilikuwa pembeni mwa la Zamoyoni, na kalamu ameilaza juu ya karatasi tupu. Zamoyoni akamtazama mwalimu. Mwalimu Eufrasia, ambaye katika miaka ishirini na sita ya kusimamia mitihani hakuwahi kuruhusu hata kupenga kamasi, akageuka akaanza kuhesabu mabati ya paa.

Zamoyoni akavunja mhogo, akanyoosha mkono, akaweka nusu juu ya dawati la mwenzake.

Tumpe akaurudisha. "Utaninenepesha," alisema bila sauti.

Zamoyoni akauweka tena.

Tumpe aliutazama ule mhogo muda mrefu kuliko alivyolitazama swali. Akaugusa kwa kidole, akakilamba kidole. Akaangalia kulia na kushoto, kama mwizi. Kisha akauma ncha, kidogo mno, akafumba macho, akatafuna polepole huku machozi yakimshuka hadi kidevuni, akameza. Akasubiri kuona kama kuna kitakachotokea.

Hakikutokea kitu. Akauma tena.